Malezi ya Amani Huanza kwa Mzazi Mwenyewe

Chukuliwe mfano wa mtoto wa miaka minane aliyetumwa dukani kununua mafuta ya kula ya shilingi 2,000. Akiwa njiani kurudi aliwakuta wenzake wakicheza mpira, akaiweka chupa kando ya njia ili apige shuti moja tu. Alipogeuka, chupa ilikuwa imeanguka na mafuta yamekwisha kunywewa na mchanga. Baba yake ndiyo kwanza amefika nyumbani. Ameendesha bodaboda tangu alfajiri, hesabu ya mwenye pikipiki haijatimia, na mboga iliyo jikoni inayasubiri mafuta hayo hayo. Mtoto anasimama mlangoni akiwa na chupa tupu. Kabla hajafungua kinywa, mkono wa baba umekwisha kuinuka.

Wazazi wengi wakiulizwa kwa nini humpiga mtoto, hujibu kwamba wanamfundisha. Katika jioni ya namna hii ni vigumu kuona somo liko wapi. Kofi lile limebeba uzito wa mafuta yaliyomwagika, lakini pia limebeba hesabu isiyotimia, abiria aliyeshuka bila kulipa na jua la kutwa nzima. Mtoto amekosa jambo moja, naye analipishwa yote. Kwa sababu hiyo, mafunzo ya malezi ya amani hayaanzi na tabia ya mtoto. Huanza na hasira ya mtu mzima, chanzo chake, na namna ya kuitawala.

Jambo hili si dogo hapa nchini. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu watu watatu kati ya wanne walio na umri wa miaka 13 hadi 24 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Miongoni mwa waliotajwa sana kuwa wahusika walikuwa ndugu wa karibu na walimu, yaani wale wale ambao mtoto huwakimbilia anapotishwa na wengine.

Yapo maelezo ya wasomi kuhusu adhabu ndogo pia. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, waliyakusanya pamoja matokeo ya tafiti za miaka 50 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Hawakuchunguza mateso ya kupindukia. Walitazama kumchapa mtoto makalioni kwa kiganja, adhabu ambayo watu wengi huihesabu kuwa si kitu. Hata hiyo iliambatana na ukaidi, ugomvi na matatizo ya afya ya akili. Kuambatana si sawa na kusababisha, na wataalamu wameendelea kujadiliana juu ya hilo. Hata hivyo, anayedai kwamba kipigo hunyoosha tabia hapati cha kumuunga mkono katika matokeo ya jumla ya rundo hilo la tafiti.

Methali nazo huitwa kutoa ushahidi, mara nyingi bila kusikilizwa vizuri. Husemwa kwamba samaki mkunje angali mbichi, kana kwamba kukunja na kupiga ni tendo moja. Mwenye kukunja samaki hutumia mikono miwili na hufanya taratibu. Akifanya kwa ghadhabu, nyama hukatika. Na isemwapo kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, kinachokatazwa ni woga wa machozi ya mtoto. Mzazi anayemnyima mtoto simu saa tatu usiku, akamwacha alie mpaka anyamaze, ameitii methali hiyo barabara bila kunyanyua fimbo.

Hapo pana kosa jingine la uelewa, nalo hurudiwa sana katika mikutano ya wazazi: kwamba malezi ya amani ni kumdekeza mtoto. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza aina tatu za malezi. Wako wazazi wanaotawala kwa amri na hofu. Wako wanaoachia kila kitu. Na wako wanaoweka mipaka isiyoyumba huku wakimsikiliza mtoto na kumweleza sababu. Watoto wa kundi la tatu ndio aliowaona kuwa na uwezo zaidi wa kujitegemea na kujizuia. Mzazi wa kundi hilo husema hapana mara nyingi tu. Tofauti ni kwamba sauti yake haimtishi mtoto, na neno lake la leo halibadiliki kesho kwa sababu amechoka.

Kujitawala huko hufanyikaje? Hasira huonekana mwilini kabla haijafika mkononi. Moyo huenda mbio, taya hukaza, pumzi hufupika, sauti hupanda. Katika hali hiyo ubongo hutafuta tendo la haraka, na uwezo wa kupima matokeo hupungua. Mzazi anayezijua dalili zake mwenyewe hupata nafasi ndogo, pengine ya sekunde chache, ya kuchagua. Aweke mikono chini. Avute pumzi na kuitoa polepole kuliko alivyoivuta. Anywe maji, au asogee hatua chache, mradi mtoto mdogo asiachwe karibu na jiko la mkaa au ndoo ya maji. Aseme waziwazi: “Nimekasirika. Tutazungumza nikitulia.” Maneno hayo humfundisha mtoto kwamba hasira ina jina na inaweza kusubiri.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba mtoto hana uwezo huo bado. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kujizuia na kupanga, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Mtoto wa miaka miwili anayejitupa chini sokoni hamdhalilishi mama yake. Amezidiwa, na hana njia nyingine ya kusema hivyo. Akipigwa, anakuwa na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Sehemu ngumu zaidi ya kazi hii ni kurejea utoto wa mzazi mwenyewe. “Nilichapwa, na mbona nimekuwa mtu?” ni kauli ya kweli kwa wengi, nayo haistahili kudharauliwa. Lakini msemaji huyo huyo akipewa muda, mara nyingi hukumbuka pia kipigo kimoja ambacho hakukistahili: mwaka wake, nani alikuwa akitazama, na kwamba hakuna aliyemuuliza kilichotokea. Mtu anaweza kuwaheshimu wazazi wake kwa mema yote waliyomtendea na bado akaamua kwamba jambo lile halitapita mlangoni kwake.

Zoezi moja jepesi husaidia. Kwa muda wa wiki moja mzazi aandike kwenye daftari, au aweke kichwani kama hana desturi ya kuandika, kila mara alipopandwa na hasira: ilikuwa saa ngapi, alikuwa amekula au la, nini kilitangulia, na mtoto alikuwa akifanya nini. Wengi watagundua kwamba ghadhabu huja kwa saa zake: asubuhi ya kukimbilia shule, jioni ya njaa na uchovu, siku ya kodi ya nyumba. Anayezijua saa hizo anaweza kuzijiandalia. Sare ikianikwa na kukunjwa usiku, asubuhi hupata nafasi ya kupumua. Kwa bibi anayelea wajukuu peke yake, au mama asiye na wa kumpokea mtoto hata kwa nusu saa, dawa inaweza kuwa jirani mmoja wa kuaminika kuliko mbinu yoyote ya pumzi.

Baba wa bodaboda, kama ameupata ule upenyo wa sekunde chache, anaweza kuketi na kuuliza: “Ilikuwaje?” Mtoto ataeleza, pengine akilia. Kisha aelezwe kwamba shilingi 2,000 ni abiria wawili wa shilingi 1,000, na kwamba usiku huu mboga italiwa bila mafuta, naye atakula hiyo hiyo pamoja na wenzake. Kesho atatumwa tena dukani na atarudi moja kwa moja. Mpira utafuata baadaye. Mtoto atakuwa ameonja matokeo ya uzembe wake bila kuogopa kurudi nyumbani.

Na kama mkono ulikwisha kushuka? Hapo wazazi wengi hunyamaza, wakihofu kwamba kuomba radhi kutawashushia heshima. Mwanasaikolojia Edward Tronick, ambaye tangu miaka ya 1970 alichunguza mawasiliano ya mama na mtoto mchanga, alibaini kwamba hata katika uhusiano mzuri wawili hao hupishana mara nyingi. Kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana baada ya kupishana. Baba anaweza kusema: “Mwanangu, jana ulifanya uzembe na mafuta yakamwagika, hilo halikuwa sawa. Nami nilikupiga kwa hasira, hilo nalo halikuwa sawa. Unisamehe.” Mtoto aliyesikia maneno hayo hujua namna ya kuyasema siku atakapokosea yeye.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, na haikubali marekebisho yasiyolingana na umri wake, hali ya mwili wake na akili yake. Anayeona mtoto akifanyiwa ukatili anaweza kupiga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo, au kufika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Kwa mzazi anayehitaji msaada wa ushauri, pa kuanzia ni kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Mama anayempeleka mtoto kliniki anaweza pia kulitaja jambo hili kwa muuguzi siku ya kupima uzito, kwa kuwa malezi yenye mwitikio yamo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa mwaka 2021. Anayehofu kwamba siku moja mkono utamzidi nguvu hana haja ya kusubiri mpaka pawe na shauri. Anaweza kwenda na daftari lake la wiki na kuyaeleza yale yale aliyoyaandika.