JE, MCHORO WA MKONONI UNAKUFUNGIA MLANGO?

Somo kwa kijana wa saluni

Kijana mpendwa wa Kahororo, Bukoba mjini na Muleba! Wewe unayesuka rasta, unayewatia akina mama dawa ya nywele, unayenyoa kwa mashine. Mkononi una tatuu, puani kipini. Mteja anafika mlangoni, anakuona, anasita. "Mhuni huyu!" Anakwenda saluni ya jirani. Je, umelaaniwa? Hebu tujifunze.

1. MAMBO HAYA SI MAGENI
Wengine husema tatuu zimeletwa na Wazungu. Sivyo! Wamakonde wa kusini walichanja chale usoni na kuzipaka masizi ili alama ibaki. Wanawake wao walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Wamasai walitanua ndewe za masikio. Bibi wa pwani alivaa kipini, na hakuna aliyemwita mhuni. Basi alama peke yake haisemi huyu ni mtu wa namna gani.

2. ANAYEKUHUKUMU ASOME VIZURI
Wengi watakutupia Mambo ya Walawi 19:28, panapokatazwa chale kwa ajili ya wafu na alama mwilini. Ni kweli, imo. Lakini soma na mstari wa 27, ulio juu yake. Huo unakataza kunyoa denge na kuharibu pembe za ndevu! Sasa huyo anayekuhukumu kwa mstari wa 28 kakaa kwenye kiti chako, anataka umnyoe kinyume cha ule wa 27! Hata Samweli, alipotafuta mfalme nyumbani kwa Yese, alionywa asiangalie sura wala kimo. Mungu huangalia moyo.

3. LAKINI DAMU SI MCHEZO
Kagera tunajua kuzika. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Sindano ya tatuu na wembe wa saluni vyote vinaweza kugusa damu. Kirusi cha homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili hata siku 7! Damu imekauka, lakini hatari ipo. Kwa hiyo shika haya:
- Wembe mmoja, mtu mmoja. Ukiisha kutumika, utupwe.
- Vifaa vinavyoweza kuloanishwa viloweke dakika 10: sehemu 1 ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji. Kisha osha kwa sabuni, suuza, kausha.
- Usikubali kuchorwa wala kutobolewa kwa sindano ya mwenzako.
- Uliza hospitalini habari za kupima na chanjo ya homa ya ini B.

4. FIKIRI KABLA YA KUCHORA TENA
Wino hukaa kwenye ngozi ya ndani, chini ya ile inayobanduka. Ndiyo maana hautoki kwa sabuni. Kuufuta kwa leza ni kurudia mara nyingi, na kila mara ni fedha. Wengine huota kovu nene linalovimba, na sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi. Tena matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakimkataa mwenye michoro mwilini. Jina la mpenzi wa mwaka mmoja linaweza kukufungia kazi ya miaka thelathini!

5. UFANYE NINI LEO?
Mteja akisita, usimnunie. Sema, "Shikamoo mama, karibu ukae." Fungua wembe mpya mbele ya macho yake. Kitambaa kiwe safi. Usimsengenye mteja aliyetoka. Akiondoka na nywele nzuri na ngozi nzima, kesho atamleta na mwanawe.

Kijana, mchoro wa jana umeshaingia. Lakini wembe wa leo uko mkononi mwako. Je, ni mpya?