Uwanja Usioandikwa Popote

Katika Kata ya Runazi, kama katika kata nyingi za vijijini, timu ya mpira wa miguu huanzishwa kwa wepesi kuliko kikundi kingine chochote. Vijana hukubaliana jina, huchangishana fedha za mpira mmoja, huomba jezi kwa mfanyabiashara, na jioni hiyo hiyo huwa uwanjani. Kazi ngumu ni kuidumisha.

Lawama huangukia ukosefu wa fedha. Ni kweli kwamba fedha ni haba, nauli ya kwenda kucheza Biharamulo mjini ni mzigo, na mwamuzi naye hudai posho yake. Hata hivyo, timu yaweza kuvumilia ufukara kwa miaka mingi. Isichoweza kuvumilia ni kukosa mahali pa kuchezea.

Uwanja wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 64 huchukua takriban ekari moja na nusu. Katika kijiji ambacho baba hugawa shamba lake kwa wanawe, ekari moja na nusu ya ardhi tambarare si kitu kidogo. Viwanja vingi vya vijijini viko mahali ambapo kila mtu anajua ni uwanja, lakini hapajaandikwa popote. Mvua za vuli zinapoanza, jirani hulima ukingoni mistari michache ya mahindi. Msimu unaofuata mihogo imekaribia nguzo ya goli. Vijana wakienda kwa mtendaji wa kijiji hukuta hana karatasi ya kumwonyesha mlimaji, na mlimaji pengine ana watoto wa kulisha. Shauri la namna hiyo halishindwi kwa kelele.

Dawa imo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji hupendekeza eneo litengwe kuwa ardhi ya jumuiya, mkutano mkuu wa kijiji huridhia, kisha eneo huingizwa katika daftari. Ardhi iliyotengwa hivyo haigawiwi mtu binafsi. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, lakini vijana wenye umri wa kupiga kura huonekana humo kwa nadra. Wazee huamua juu ya ardhi wakati wachezaji wako mazoezini. Ombi lao lipelekwe mapema kwa mtendaji ili liwe ajenda, vipimo vikiwa vimechukuliwa na mipaka kuonyeshwa kwa miti au mawe. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi hakina budi kuuonyesha uwanja katika mpango huo. Uwanja wa shule ni jambo jingine: huombwa kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, na saa za matumizi ziandikwe, zikiwamo saa za wasichana wa netiboli, ambao mara nyingi husukumwa pembeni.

Udhaifu wa pili ni timu kuwa mali ya mtu mmoja. Akihama, au akishindwa uchaguzi, timu huondoka naye. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967 inataka klabu isajiliwe, iwe na katiba na viongozi wanaojulikana. Afisa Michezo wa Wilaya ndiye wa kuanzia. Klabu iliyosajiliwa yaweza kuingia ligi ya wilaya, kisha ya mkoa, na bingwa wa mkoa hukutana na mabingwa wa mikoa mingine. Ndondo zina utamu wake na umati wake, lakini bingwa hula mbuzi wake siku hiyo hiyo, na kesho hana ngazi ya kupanda. Kijana aliyeng'ara UMISSETA akimaliza shule hurudi kwenye hali hiyo.

Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, nazo zikiwa vikundi vya vijana wa mtaani. Inashangaza kidogo kwamba mkazi hulipa kiingilio kibandani kuzitazama, na hatoi chochote kwa timu ya kijiji chake.

Mara nyingi ugomvi wa kwanza katika klabu changa huhusu vifaa. Jezi, mipira na nyavu viandikwe katika daftari la klabu, na kukabidhiwa kwa saini kila uongozi unapobadilika.