Bandari Tunayo, Meli Hatuna



Sisi wa Changamwe tumezaliwa mlangoni pa bandari. Malori ya kontena yatupigia honi usiku na mchana, na ukisimama Kipevu waziona meli kana kwamba zimeegeshwa uani. Basi siku moja itazame meli kwa nyuma, pale kwenye tezi, usome maandishi yake. Utasoma Monrovia, au Panama, au Majuro, mji mkuu wa Visiwa vya Marshall. Sijabahatika bado kusoma "Mombasa" kwenye meli kubwa ya makasha. Jina lile si la kwa mwenye meli. Ni la bandari ilikoandikishwa, na sheria za nchi hiyo ndizo zinazofuatwa melini inapokuwa baharini.

Kwani hatujajaribu? Tumejaribu sana. Mwaka 1966 Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia ziliunda shirika moja la meli. Likafungwa 1980. Wakati huo dunia ilikuwa inahamia kwenye makasha, na mwenye meli kuukuu za kubeba magunia alikuwa na shida kushindana.

Nchi changa hazikulalamika bure. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1974, ulioanza kutumika 1983, ulipendekeza hivi: katika kila tani 100 zinazosafirishwa kati ya nchi mbili na meli za safari maalumu, 40 zibebwe na meli za nchi moja, 40 na za nchi ya pili, na 20 zilizobaki wapewe wengine. Hesabu nzuri, lakini mtu asiye na meli hizo 40 atazibebea wapi? Mgao wa karatasini haubebi chai wala kahawa.

Mwaka 1987 ikaundwa Kenya National Shipping Line, mwenye hisa nyingi akiwa Halmashauri ya Bandari. Ilifanya kazi kwa kukodi nafasi ndani ya meli za watu. Yaani ni kama kuwa na kampuni ya matatu na abiria wako unawapakia katika matatu ya jirani! Mwaka 2018 serikali ikatangaza kuifufua kwa kushirikiana na MSC ya Geneva, na 2019 sheria ya meli ikabadilishwa kuruhusu jambo hilo. Wafanyakazi wa bandarini wakapinga, wakihofia gati la makasha la Kipevu litaingia mikononi mwa mwenye meli. Mie naona hofu yao ilikuwa na msingi, maana anayebeba mzigo akiwa ndiye pia anayeupakua, mshindani wake atapangiwa foleni na nani?

Sasa tuje kwenye utawala wa bahari, sehemu ambayo watu huiruka kwa kuwa haionekani kama winchi. Kenya Maritime Authority ilianzishwa 2004. Wakaguzi wake wana haki ya kuingia meli ya kigeni na kuizuia isitoke ikiwa mbovu. Kazi yake nyingine ni vyeti vya mabaharia, na hapa ndipo vijana wa Chaani na Magongo tunapoguswa hasa. Shirika la Bahari la Kimataifa lilikuwa na orodha ya nchi ambazo mafunzo yake yanaaminika, na Kenya haikuwamo mpaka mwaka 2010. Kabla ya hapo, kijana wetu aliyesoma nyumbani alikuwa na cheti ambacho nahodha wa kigeni angeweza kukikataa bila kosa lolote la kijana mwenyewe. Sheria mpya ya meli ya 2009 ilisaidia kufungua mlango huo.

Nikaanza kuona jinsi mambo haya mawili yalivyofungamana. Chuo cha Bandari kilifanywa chuo kamili cha bahari mwaka 2018. Lakini mwanafunzi anayesomea uafisa wa sitahani hapati cheti cha kwanza kwa kukaa darasani tu. Kanuni za kimataifa zamtaka awe amefanya kazi baharini angalau miezi 12, na hiyo ni akiwa katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Nchi zenye meli zao huwapakia wanafunzi wao humo. Wa kwetu, amemaliza masomo, cheti cha Kenya kinatambuliwa, na bado hana budi kwenda kwa wakala mmoja hadi mwingine akibisha hodi, aombe nafasi katika meli iliyoandikwa Monrovia.