Anza na Treni ya Kurudi

Safari ya wikendi ya wanafunzi huharibika Jumapili. Ijumaa kila mtu ana nguvu, mabegi yamejaa, picha zinapigwa hata kabla treni haijaondoka. Jumapili saa nne usiku kikundi kilekile kimeketi kwenye benchi la baridi, katika kituo ambacho hakuna aliyepanga kushuka. Simu zimeisha chaji, mmoja ana mtihani wa mdomo kesho asubuhi, na wawili hawasemezani kwa ajili ya yuro kumi na nne.

Kwa hiyo, kama umefika Ujerumani juzijuzi kusoma na tayari umeongezwa kwenye kundi la WhatsApp liitwalo "Twendeni Dresden", panga safari kutoka mwisho kuja mwanzo. Chagua kwanza treni ya kurudi, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike Ijumaa.

Tuchukue mfano wa Leipzig, mji ambao wanafunzi wa Kiafrika hawakuanza kuufikia jana. Enzi za Ujerumani Mashariki wengi walijifunzia Kijerumani hapo, katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1956 na baadaye kupewa jina la Herder. Kutoka Leipzig safari inayopendwa na isiyokausha mfuko ni hii: Jumamosi Dresden, mnalala huko, Jumapili mnakwenda kupanda majabali ya eneo liitwalo Uswisi ya Saksonia. Ni jina tu. Uswisi yenyewe iko mbali.

Sasa hesabu kinyumenyume. Unataka kuwa chumbani kwako Jumapili saa mbili usiku, uoge, upitie madokezo ya Jumatatu. Treni ya mkoa kutoka Dresden hadi Leipzig huchukua saa moja na nusu hivi, kwa hiyo unahitaji inayoondoka Dresden kwenye saa kumi na mbili jioni. Kutoka Rathen, kituo cha kushukia kwa ajili ya majabali hayo, hadi Dresden, kwa treni ya vitongoji, S-Bahn namba 1, ni kama dakika 40. Ongeza muda wa kubadilisha treni na wa yule ambaye lazima anunue kahawa. Basi muwe kituoni Rathen saa kumi na nusu. Ila kituo kiko upande mmoja wa mto Elbe na majabali yako upande wa pili, na njia ya kuvuka ni kivuko kisicho na injini: kimefungwa kwenye waya mrefu, na mkondo wa maji ndio unaokisogeza. Kukitazama ni raha, kukisubiri siku ya jua kali nyuma ya foleni ya familia na baiskeli zao ni jambo jingine. Kwa hesabu hiyo, saa tisa na nusu alasiri mnaanza kushuka kutoka Bastei, lile jabali lililo mita 194 juu ya mto, lenye daraja la mawe la mwaka 1851, hata kama kuna mtu bado hajapata picha anayoitaka.

Desemba rudisha kila kitu nyuma kwa saa mbili, maana jua huzama kwenye saa kumi jioni na ngazi za mawe zenye barafu si mahali pa kutembelea na tochi ya simu.

Treni mnayoichagua isiwe ya mwisho. Iwe na nyingine mbili nyuma yake siku hiyohiyo. Treni za mikoa za Jumapili jioni hujaa wanafunzi wanaorudi vyuoni, huchelewa, na mkiwa na dakika sita tu za kuhamia treni nyingine, chelewesho la dakika saba linatosha kuwaacha. Angalia pia kama wikendi hiyo reli inakarabatiwa, maana Wajerumani hupenda kufanya kazi hizo Jumamosi na Jumapili, na mahali pa treni huwekwa mabasi yanayochukua muda mrefu zaidi. Ratiba uliyoiona Jumatatu iangalie tena Alhamisi usiku. Kisha kuna treni zinazokatika njiani: mabehewa ya mbele yanakwenda mji huu, ya nyuma mji mwingine. Soma kibao kilicho juu ya mlango wa behewa, usimfuate tu aliyetangulia kupanda.

Na kwenye kundi andikeni saa kama zilivyo kwenye ubao wa kituo: 15:30, 18:00. "Tukutane saa mbili" kwa Mtanzania na Mkenya ni asubuhi mapema. Kwa rafiki yao wa Colombia ni baada ya chakula cha mchana.

Tiketi hazina maneno mengi. Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026. Vyuo vingi huwapa wanafunzi kwa asilimia 60 ya bei hiyo, ndani ya ada ya muhula, kwa hiyo huenda tayari unayo na hujui. Inafaa kwa mabasi ya mjini, tramu, S-Bahn na treni za mikoa nchi nzima. Haifai kwa ICE, IC wala EC, na hapo ndipo wengi hunaswa: treni nyeupe ya mwendo kasi imesimama jukwaa la pili, ya kwenu imechelewa, mnaingia. Faini huanzia yuro 60 kwa kila mmoja. Kwenye programu ya ratiba chagua treni za mikoa peke yake ili usitamanishwe. Tiketi ni ya jina lako, haiazimwi, na mkaguzi akitaka utaonyesha kitambulisho pamoja nayo. Kama imo kwenye simu, simu iliyozimika ni sawa na kutokuwa na tiketi. Chukueni betri ya akiba, hata moja kwa kikundi.

Mgeni aliyekuja kuwatembelea hana tiketi hiyo. Kwake na kwenu kuna Sachsen-Ticket, tiketi ya siku moja inayobeba hadi watu watano katika majimbo ya Saksonia, Saksonia-Anhalt na Thuringia. Jumamosi na Jumapili huanza kutumika saa sita usiku, siku za kazi saa tatu asubuhi.

Watano ndiyo idadi ninayoipendekeza hata pasipo tiketi hiyo. Watu wanane si safari tena, ni msafara wa kupeleka mahari: kila kona mnasubiriana, kila mgahawa unakosa meza, na uamuzi wowote unahitaji kikao.

Pesa ndiyo inayovunja urafiki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwanafunzi anayejilipia hutakiwa kuonyesha yuro 11,904 kwa mwaka katika akaunti iliyofungwa, na hutoa 992 kwa mwezi. Toa kodi ya chumba, bima ya afya na chakula, kinachobaki hakitoshi kuchezea. Pembeni yake yuko mwenye ufadhili, na yuko anayefanya kazi ghalani usiku na kutuma hela nyumbani kila mwisho wa mwezi bila kumwambia mtu. Ukiuliza ndani ya kundi, "Jamani, hosteli ya yuro 45 ni sawa?", wote watajibu ni sawa. Hakuna anayetaka kuonekana hana. Siku mbili kabla ya safari mmoja atapata homa.

Njia ya heshima ni hii. Anayepanga amwandikie kila mmoja faraghani: "Dada, wikendi hii usingependa kuzidisha yuro ngapi, kila kitu ndani?" Majibu yakirudi, panga safari kwa kiwango cha chini kabisa, wala usiseme ni cha nani. Wenye zaidi watapata pa kuzitumia. Dresden ina makumbusho na mikahawa ya kutosha kumaliza pesa za mtu yeyote. Kanisa la Frauenkirche, lililobomoka Februari 1945 na kufunguliwa upya mwaka 2005, huingii kwa kulipa isipokuwa ukitaka kupanda kuba lake.

Teueni kijumbe mmoja. Huyo ndiye anayeweka nafasi kwa kadi yake, naye haweki nafasi mpaka michango yote iwe imeingia. Anayesema "nitakutumia baadaye" mhesabu kuwa hajasema anakwenda. Matumizi ya njiani yaandikwe palepale kwenye programu ya kugawana gharama au kwenye daftari, yafungwe ndani ya treni Jumapili kabla watu hawajatawanyika, kila mtu akiwa bado anakumbuka nani alilipia vivuko.

Mgahawani mhudumu atauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu chake. Jibuni kila mtu chake, bila kuona haya. Huku si uchoyo, na mhudumu atapita kwa kila mmoja na mashine yake. Wenzetu wa Pwani na wa Bara hupata shida hapa, maana tumelelewa kwamba aliyesema "twendeni tukale" ndiye anayelipa. Kwa hiyo chunga ulimi: usiseme "mimi nawaalika" kwa wenzako wa Ulaya kama hukukusudia kufungua pochi, kwa sababu watakushukuru na hawatabishana nawe hata kidogo. Mfukoni weka sarafu. Sehemu ndogo ndogo bado zinataka pesa taslimu, na choo cha kituo kikubwa hugharimu kama yuro moja. Cha ndani ya treni ni bure, kitumie kabla ya kushuka.

Jumapili maduka hufungwa, karibu yote, kwa sheria. Mgeni hulijua hilo akiwa na njaa mbele ya mlango wa supamaketi. Nunueni maji, mkate na matunda Jumamosi kabla ya kulala. Chakula cha Jumamosi pikeni Ijumaa katika jiko la bweni. Wali hauna faida safarini: unahitaji bakuli, kijiko na mahali pa kuketi. Chapati iliyoviringishwa na mayai, ile Waganda wanayoiita rolex, ifunge kwenye karatasi ya aluminiamu na itafika hadi mchana haijamwagika, haijaharibika, na utaila ukiwa umesimama. Kama kuna asiyekula nguruwe au asiyekula nyama kabisa, jueni mapema. Soseji za hapa nyingi ni za nguruwe na muuzaji hatawatangazia. Chupa za plastiki na makopo msitupe, nyingi zina amana ya senti 25. Chupa kumi za namna hiyo zikirudi kwenye mashine ya supamaketi ni yuro 2.50.

Malazi yaangalieni kwa jicho la mwenye aibu kuliko wote katika kikundi. Vitanda vya bei ya chini katika hosteli mara nyingi ni vya chumba cha mchanganyiko, wanawake na wanaume. Kuna atakayeona ni kawaida, na kuna dada ambaye hatalala usiku kucha na hatasema neno. Ulizeni chumba cha wanawake, au chukueni chumba kizima cha watano kama wote mmeridhiana kweli. Zipo pia nyumba za vijana, wazo la mwalimu Richard Schirrmann aliyelipata mwaka 1909 akiwa safarini na wanafunzi wake, kisha akaanzisha ya kwanza ya kudumu katika ngome ya Altena. Hizo hutaka uanachama, lakini huwa safi, tulivu, na kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Soma saa za mapokezi kabla ya kulipa, kwa sababu sehemu nyingine hakuna mtu mezani baada ya saa nne usiku. Na kama ni Desemba, wekeni nafasi wiki nyingi kabla. Soko la Krismasi la Dresden, Striezelmarkt, lipo tangu mwaka 1434, na kitanda cha Novemba na cha Desemba havilingani bei.

Mwisho, karatasi. Kwa safari ya ndani ya Ujerumani beba kadi yako ya ukaazi, kitambulisho cha mwanafunzi na kadi ya bima ya afya. Polisi hupita kwenye treni za karibu na mpaka, na usishangae kama mwenzako mweusi anaulizwa kabla ya wengine. Jibu kwa utulivu, toa kadi, endelea na safari. Ukitaka kuvuka mpaka lazima pasipoti yenyewe iwepo pamoja na kadi, picha kwenye simu haitoshi. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani inakuruhusu kuzuru nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, na majirani wote tisa wa Ujerumani wamo. Uingereza na Ireland hazimo. Ruhusa hiyo haimaanishi kwamba hutakaguliwa: tangu Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu.

Kishawishi kiko karibu kuliko unavyodhani. Ukibaki kwenye S-Bahn ileile namba 1, ukapita Rathen, utafika Schöna. Hapo kuna kivuko kidogo, na ng'ambo ni Hřensko, tayari Ucheki. Atatokea mmoja wa kusema, "Si dakika tano tu, twende tukale." Mwenye pasipoti na kadi mfukoni aende. Aliyeziacha chumbani abaki na wenzake upande huu. Na ambaye kadi yake imekwisha, anangoja mpya na mkononi ana karatasi ya muda, asivuke mpaka kabla hajaiuliza kwa maandishi idara ya wageni ya mji wake kama karatasi hiyo inamruhusu kutoka na kurudi. Barua hiyo ya kuuliza iandikwe wiki kadhaa kabla, kwa sababu idara hizo hazijibu Ijumaa mchana.