HESABU YAKO MWENYEWE
Lengo la fedha, daftari la kila siku, na onyo kuhusu mikopo ya simu

Kwa nini kijitabu hiki kimetoka

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu kwa njia ya mtandao bila leseni. Wengi walidhani yamekwisha. Hayajakwisha. Programu ikifungiwa leo, kesho inarudi kwa jina jingine na rangi nyingine, na watu wanaendelea kuja kwenye dawati letu la malalamiko wakiwa wameshika simu iliyozimwa, wanaogopa kuiwasha.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo moja. Tukiwauliza walikopea nini, mara nyingi hawataji ugonjwa wala msiba. Wanasema walikuwa na lengo. Friji la kuuzia vinywaji, kiwanja, cherehani ya pili. Mtu kaambiwa kwenye semina aandike ndoto yake na kuikimbilia; kaandika, kaona mwaka uko mbali, kakopa ili afike mapema. Huko kukimbilia ndiko kulikomwangusha.

Tunajua wapo wasomaji wasiotuamini, na hatuwalaumu. Wameshaona watu wengi wa suti wakija kufundisha utajiri, wakauza kitabu na kuondoka. Kijitabu hiki hakiuzwi. Atakayekuuzia, tuletee taarifa zake.

Uhuru wenyewe ni upi

Usidanganywe na picha za magari. Kwa tunavyoona sisi, mtu ameanza kuwa huru kifedha siku ambayo mtoto akiugua usiku, hatafuti wa kumkopesha nauli. Januari ikifika na sare, madaftari na kodi ya nyumba kwa pamoja, haimkuti mikono mitupu. Akilala kitandani wiki mbili, jiko bado linawaka. Nyumba za kupangisha na hatifungani ni habari za baadaye. Anayekuambia uanzie huko anakuuzia kitu.

Kwa hiyo lengo la kwanza liwe dogo na liwe na mambo matatu: kiasi, tarehe na kazi ya fedha hiyo. “Nataka kuendelea kimaisha” si lengo, ni dua. “Nataka shilingi 900,000 ifikapo tarehe 20 Desemba, ya friji la biashara” ndilo lengo. Ukishaandika hivyo, gawa. Mtu anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka anahitaji kuweka shilingi 3,000 kila siku ya kazi. Hapo ndipo lengo linaposhuka kutoka ukutani na kuingia mfukoni, na hapo ndipo wengi wanapolikimbia.

Jifunze kwa kijana wa bodaboda

Mtazame dereva wa bodaboda wa mkataba. Pikipiki si yake, ni ya tajiri. Kila jioni anapeleka hesabu, tuseme shilingi 10,000, mvua inyeshe au jua liwake. Abiria wakiwa wachache anakesha kijiweni mpaka hesabu itimie, ndipo afikirie chakula chake. Mkataba ukiisha, baada ya mwaka hivi, pikipiki inakuwa yake. Siku 300 kwa shilingi 10,000 ni milioni tatu. Kijana ambaye ndugu zake wanaapa hajui kutunza fedha amelipa milioni tatu bila kukosa.

Kisha mkataba unaisha. Pikipiki ni yake, hesabu haidaiwi na mtu, na mapato ni yale yale. Mwulize baada ya miezi sita ile 10,000 ya kila siku iko wapi. Hana jibu, wala hakuibiwa. Imepotea kwa sababu hakuna aliyeidai.

Tunachokuomba ufanye ni hicho tu: jidai. Lengo lako liwe tajiri wako. Fedha yake itoke kwanza, kabla ya vocha, kabla ya soda, kabla ya mchango wa kamati ya harusi ya mtu usiyemfahamu vizuri. Siku ukishindwa kutoa 3,000, toa 1,000 na uandike deni la 2,000 kwa jina lako. Methali ya haba na haba mmeisoma tangu darasa la kwanza. Shida yetu ni kwamba kibaba chetu kina tundu, na hatutaki kukigeuza tulione.

Daftari

Kulitazama tundu ni kazi ya daftari. Kila usiku kabla ya kulala andika vitu vitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichokwenda kwenye lengo. Dakika tano zinatosha. Usiandike “matumizi mengine”, maana hilo ndilo tundu lenyewe. Andika chai na chapati, andika makato ya kutuma fedha kwa simu, andika uliyemkopesha na siku aliyoahidi kulipa.

Wanaume hasa wanatuambia kwamba wanakumbuka kila kitu kichwani. Hatujaona hata mmoja.

Fundi cherehani mmoja aliyekuja kwetu na deni aliandika kwa mwezi mzima, akagundua kuwa makato ya miamala midogo midogo ya simu, ya kutuma elfu mbili hapa na elfu tatu kule, yalikuwa yanamla zaidi ya kodi ya meza yake sokoni. Hatukumshauri lolote. Alisoma mwenyewe, akaamua mwenyewe. Tunajivunia kusema kwamba leo ndiye mweka hazina wa kikundi chake.

ONYO: USIKOPE ILI KUWAHISHA LENGO LA AKIBA

Sehemu hii isome mara mbili. Msomee na mwenzio.

Mikopo ambayo mitaani mnaiita kausha damu haikuja na jina hilo bure. Chukua mfano. Umeomba shilingi 50,000 kwenye programu. Zinakatwa “ada” 12,000 papo hapo, unapokea 38,000. Baada ya siku saba unadaiwa 55,000. Umelipa 17,000 kwa kutumia 38,000 wiki moja, yaani karibu asilimia 45. Kwa mtoa mkopo wa daraja la pili mwenye leseni, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, riba haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha wiki na mwezi, kisha utuambie ni biashara gani ya mtaani kwenu inayozaa asilimia 45 kwa wiki ili iulipe mkopo huo.

Siku ya saba fedha haijapatikana. Unaingia programu ya pili kulipa ya kwanza, na ya tatu kulipa ya pili. Zile 3,000 za kila siku zinakwenda kulipa faini. Daftari unaacha kuliandika, kwa sababu linakuumiza macho.

Lakini la fedha si baya kuliko yote. Ulipopakua programu ile, iliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, ukabonyeza “kubali”. Hapo uliwaweka rehani watu wako wote. Ujumbe unaanza kwenda kwa bosi, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mama mkwe: huyu ni mwizi, mwambieni alipe. Tumempokea mzee aliyejifunza kwa ujumbe wa namna hiyo kwamba mkwewe anadaiwa elfu hamsini, akiwa amekaa kwenye kikao cha ukoo. Ndoa haikuvunjika, lakini salamu zilikatika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda dhidi ya utumiaji huo wa taarifa zako na za wenzako. Inakulinda zaidi usipobonyeza.

Hatusemi mkopo ni haramu. Mama anayekopa kwa riba halali kununua gunia la mchele ambalo wateja wake wanalisubiri anajua anachofanya. Tunachokataza ni kukopa kwa sababu umechoka kusubiri.

Kabla ya kukopa popote, fanya hili moja, na tunarudia kwa kuwa ndilo linalopuuzwa: uliza jina la kampuni inayomiliki programu au ofisi hiyo, si jina la programu, kisha litafute kwenye orodha ya watoa huduma wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu. Cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA si leseni ya kukopesha. Leseni ya biashara ya halmashauri si leseni ya kukopesha. Tangazo la redioni lenye msanii maarufu si leseni ya kitu chochote. Jina lisipokuwepo kwenye orodha, funga simu uondoke.

Na ndugu yake kausha damu ni “panda uvune”. Waliouona mchezo wa DECI wa kupanda mbegu ukisimamishwa mwaka 2009 wanajua mbegu zao zilivyoota. Faida inayolipwa kwa fedha ya mtu aliyeingia nyuma yako ni upatu, hata ukipewa jina la Kiingereza na kundi la WhatsApp.

Pa kuweka fedha

Kibubu cha nyumbani kinafaa kwa wiki, hakifai kwa mwaka. Kiko karibu mno na shida. Kikundi cha kuweka na kukopa, chenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, ni kizuri maana kina macho ya wenzako, lakini hakikisheni kimesajiliwa. Kwa sheria ile ile ya huduma ndogo za fedha, vikundi vya kijamii ni daraja la nne na usajili wake uko halmashauri. SACCOS ni daraja la tatu na ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vipande vya mifuko ya UTT AMIS vinanunulika kidogo kidogo. Hatifungani za serikali zinaanzia shilingi milioni moja na ni za miaka kadhaa, kwa hiyo si mahali pa ada ya Januari. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ipo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kuhusu masharti ya umri, idadi ya wanakikundi na mengineyo, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Ukiwa tayari umenaswa

Usikope tena kulipa. Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja, kiasi ulichopokea mkononi kwenye safu yake na kiasi unachodaiwa kwenye safu nyingine. Mwambie mwenzi wako leo, kabla hajaambiwa na simu.

Kisha njoo kwenye dawati letu la malalamiko. Njoo na namba za miamala, majina ya programu na tarehe. Tafadhali sana usifute ujumbe wa matusi na vitisho, hata kama unakuaibisha. Walalamikaji wengi hufika wakiwa wameshaufuta, na bila ujumbe huo hatuna pa kuanzia.