SOMO: MAFUNZO YA HUDUMA YA KWANZA YATUFAAYO

Ndugu wanachama,

Mchumaji akianguka mkarafuu, watu humkimbilia wakamwinua kwa mikono na miguu. Ni huruma, lakini aliyeumia uti wa mgongo aweza kupooza maisha yake yote kwa kuinuliwa hivyo. Basi kabla ya kulipa ada ya mafunzo, ulizeni haya:

1. Je, yahusu kazi yetu? Ndugu wa Chemchem, Tabora, aendapo miomboni kurina asali, yampasa kujua dawa ya kuanguka na ya nyuki. Kwetu ni kuanguka, kuvunjika, kutoka damu na nyoka.

2. Je, kila mwanafunzi atatenda kwa mikono yake? Kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika hakujulikani kwa kusikiliza tu.

3. Nani afundishaye? Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1962, hutoa mafunzo haya.

4. Je, yatarudiwa? Mkono usiozoezwa husahau.

Kila shamba lipeleke watu wawili, si mmoja. Huenda aangukaye akawa ndiye aliyefunzwa.