Jamaa ya Halojeni: Chumvi, Rovu na Meno

Katika elimu ya vitu mna jamaa ya elementi iitwayo halojeni, maana yake kwa Kiyunani "wazaa chumvi". Mashuhuri ni nne: florini, klorini, bromini na iodini. Florini ndiyo kali kupita zote, nayo ni gesi ishikanayo na karibu kila kitu. Klorini nayo ni gesi ya sumu, lakini ikishikana na sodiamu huwa chumvi tuilayo kila siku.

Iodini yahitajiwa mwilini, japo kidogo sana. Katika nchi za milima kama Rungwe, mvua nyingi huiosha itoke udongoni, na watu wakiikosa hupata rovu shingoni. Mama mja mzito akipungukiwa nayo, mtoto aweza kuzaliwa na akili pungufu. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 Serikali iliamuru chumvi itiwe iodini. Basi ifunikeni vema, mahali pakavu mbali na moto, kwani unyevu na joto huipoteza. Itieni chakula kikaribiapo kuiva.

Florini kidogo huimarisha meno. Ikizidi huyatia madoa ya kahawia na kuharibu mifupa. Hayo yameonekana Arusha na Meru, ambako maji hupita katika mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hakuiondoi. Mkaa wa mifupa huipunguza.

Ndugu wasomaji, iodini ipunguapo na florini izidipo, yote mawili ni madhara: kadiri ndiyo afya.